Miiba Niliyoitoa Kisimani

Ijumaa asubuhi niliondoka Dodoma kwa sababu nilichoka kuchekwa. Nimemaliza kidato cha nne, na mnyama wa porini nimemwona kwenye simu tu. Nikaazima darubini, nikapanda basi la Mpwapwa, kisha bodaboda mpaka kwa mama mdogo Yusta.

Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mumewe, baba mdogo Lameck, alinishusha bondeni. Nilitaka twende haraka. Yeye anasimama kusalimia kila mtu. "Mbukwa! Mbuzi wazima?" Nikamwambia wanyama watakimbia.

"Wakimbilie wapi? Kwao hapahapa," akanijibu bila kugeuka.

Chini, mto ulikuwa mchanga mtupu, ila kingo zote mikuyu na mikwaju imefungamana. Tumbili wakatukaripia. Baba mdogo akanionyesha nyayo za pongo, mbichi kabisa.

Saa mbili tukafika kisimani, shimo lililochimbwa kwenye mchanga. Juu wamelirundikia miiba. Pembeni digidigi mmoja, pua inamcheza, anayanusa maji na hayafikii. Nikachemka.

"Baba mdogo, huu ni ukatili!"

"Punguza moto, mwanangu. Nikakague mizinga ya nyuki, tutaongea."

Tutaongea! Alipopotea tu vichakani, nikaivuta miiba yote, nikajibanza kwenye mawe. Digidigi akarudi, akashuka, akanywa. Nikatabasamu kama mjinga.

Halafu wakaja nyani, kundi zima. Wakaingia, wakanya humohumo, kuta za mchanga zikaporomoka. Nilirusha mawe, dume moja likanionyesha meno, nikarudi kukaa kwenye mawe yangu.

Saa nne mama mdogo akafika na punda na madumu manne. Akatazama shimo.

"Nani katoa miiba?"

"Mimi. Digidigi alikuwa na kiu."

"Kwani tunawanyima? Hayo mawe uliyokalia ni ya nini?" Nikaangalia. Yalizunguka kibwawa kidogo, kikavu. "Tukishateka, tunawamwagia hapo. Kila siku. Si ungeuliza, msomi?"

Baba mdogo akarudi toka mizingani, tukachimba wote mpaka saa tisa. Tukapata dumu moja, tena la matope. Tulipofika nyumbani, ndama walikuwa wanalia kwa kiu.

Jioni, kwenye dumu hilohilo, mama mdogo akanipimia maji ya kuoga. Nikakataa.

"Oga. Mgeni wangu halali na vumbi. Unataka dada anisemeje?"

Nikaoga kopo moja, machozi ya hasira yananitoka.

Jumapili nikarudi mjini. Hasira haijaisha. Baba mdogo na "tutaongea" yake ananiudhi mpaka sasa, lakini ninayemchukia zaidi kwa siku ile ni mimi. "Ukatili" nililitamka haraka sana. Kuuliza "kwa nini" kungenichukua muda uleule.