Koti Lisilotundikwa

Mwajiri ana njia nyingi za kumwambia mtu kwamba hana kazi tena. Wapo wanaoandika barua, wapo wanaopiga simu, na wapo wanaozima kadi ya mlangoni wakamwacha mtu akiisugua kama anayewasha kiberiti kilicholowa. Kiwanda kimoja cha biskuti kilitumia makoti.

Hakuna aliyeruhusiwa kukanyaga sakafu ya kiwanda kile bila koti jeupe, na makoti yalifuliwa hapohapo. Jumamosi kila mtu alivua lake akalitupia pipani. Jumatatu alilikuta limepigwa pasi, linaning'inia kwenye msumari wenye namba yake. Mlinzi wa mlango wa ndani alikuwa na sheria moja tu: huna koti, huingii.

Aliyefua na kutundika alikuwa mwanamke wa makamo, mikono imekakamaa kwa sabuni na ulimi umekakamaa zaidi. Walimwita Mama Pasi. Akinusa kola alijua nani amerudia sigara, na alimwambia mbele za watu.

Jumamosi moja afisa utumishi alimfuata chumba cha kufulia. Huyu wafanyakazi walimwita Bwana Morali, kwa kuwa neno hilo halikumbanduka mdomoni. Ukiomba feni, morali. Ukichelewa, morali. Alimtajia namba kadhaa.

"Mama, haya usiyatundike. Yapumzike kidogo. Kuna mapya yanakuja."

"Mbona haya bado mazima?"

"Wewe tundika mengine. Hayo tuachie sisi."

Mama Pasi akafurahi, maana namba mojawapo ilikuwa ya shemeji yake, mume wa mdogo wake, aliyefanya kazi kwenye tanuri. Jioni ile alipita kwao kunywa chai. "Shemeji, Jumatatu utameremeta! Koti jipya hilo, usije ukaongeza mke nalo." Wakacheka wote watatu.

Jumatatu shemeji alisimama mbele ya msumari mtupu akisubiri koti jipya. Wenzake nao walisubiri mbele ya yao. Mlinzi akawaonyesha mlango wa nyuma, ambako karani aliwagawia bahasha bila kuwatazama. Bwana Morali, waliambiwa, yuko kwenye kikao.

Siku hiyohiyo mdogo mtu alimfuata dada yake uani.

"Dada, umekunywa chai yangu ukamcheka mume wangu usoni."

"Walinidanganya, mdogo wangu. Naapa."

"Haya. Na mkono uliomnyima koti ulikuwa wa nani?"

Mkono ulikuwa wa Mama Pasi.

Kesho yake alimvamia Bwana Morali ofisini. "Ungewaambia mapema ungepungukiwa nini? Hata wiki moja tu, mtu ajipange!"

"Mama, ukiwaambia mapema wanakata tamaa. Wanaharibu kazi. Morali ya kiwanda kizima inaanguka."

"Na mimi je? Umenifanya kisu cha kuchinjia ndugu zangu."

"Wewe umebaki. Shukuru."

Mama Pasi akatoka, mlango akauacha wazi.

Na hiyo morali iliyolindwa, lo! Waliobaki walianza kufika kabla mlango haujafunguliwa, wakikimbilia misumari. Aliyelikuta koti lake alilipapasa kwanza, kama mtu anayepapasa mfuko akitoka kwenye msongamano. Utani ulikufa. Biskuti ziliungua kwa sababu mwenye kuziangalia alikuwa anaangalia mlango. Mama Pasi akipita, watu walikata maongezi. Kisogoni walimwita Mtoa Roho.

Kazi ya shemeji haingerudi, hilo alilijua. Alichotaka ni kimoja: Bwana Morali asimame mbele ya msumari mtupu, watu wakimtazama, kisha aseme kwa mdomo wake mwenyewe yale aliyomtwisha yeye. Hakuwa na haraka. Kisasi ni kama doa sugu, lazima uliloweke.

Ikatangazwa kwamba wanunuzi wakubwa watatembelea kiwanda Jumatatu. Mama Pasi alilifua koti la Bwana Morali vizuri kuliko alivyowahi kulifua. Akalinyoosha mpaka mikono ikasimama. Akalikunja, akalifungia kabatini, ufunguo akautia kifuani.

Asubuhi Bwana Morali aliingia na wageni, kicheko mbele. Akafika kwenye msumari wake. Ulikuwa mtupu.

"Koti langu liko wapi?"

"Huna koti, huingii, bosi," alisema mlinzi.

"Sheria hiyo nimeitunga mimi!"

"Ndiyo maana naifuata."

Wageni walivishwa makoti ya wageni. Msaidizi wake akawaongoza ndani haraka haraka, wala hakugeuka nyuma.

"Pole, bosi," mtu mmoja akasema.

"Mlango wa nyuma unaujua," mwingine akadakia.

Hapo ndipo uso wa Bwana Morali ulipobadilika. Mtu mwingine yeyote angedhani koti limesahauliwa. Yeye alijua jinsi kampuni yake inavyofanya, kwa hiyo aliamini amefukuzwa. Akampigia mkurugenzi, simu ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Magoti ya suruali yakaanza kucheza. Mama Pasi alisimama mlangoni mwa chumba cha kufulia akimtazama kwa utulivu, kama mtu anayengoja maji yachemke.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo, "nani kakwambia usilitundike? Nimefanya nini?"

"Kwani wakubwa hawajakwambia? Labda wanakulindia morali."

Watu wakaangua kicheko. Alimwacha aive kidogo, kisha akasema, "Hakuna aliyeniambia. Nimeamua mimi."

Ilimchukua muda kuelewa. Halafu akalipuka: "Umefukuzwa! Toka! Leo hii hii!"

"Sema tena, wa nyuma hawajasikia."

"Umefukuzwa!"

"Kumbe mdomo unao," alisema Mama Pasi. "Basi waambie na hawa nani anafuata."

Hakuna mfanyakazi aliyevaa koti lake. Mwanamke wa kufungasha alisogea mbele. "Na mimi, bosi? Nimo?" Nyuma yake mwingine: "Mimi je?" Na mwingine. Bwana Morali alitazama mlango wa ndani, mlinzi akatikisa kichwa.

Mama Pasi hakungoja kusikia majibu. Alikwenda moja kwa moja kwa mdogo wake, hana kazi, hana mshahara, amenyooka kama mtu aliyetua gunia. Akaeleza yote, tangu msumari hadi kelele. Mdogo wake alimsogezea kiti. Shemeji alisikiliza mpaka mwisho, akavuta pumzi ndefu.

"Anza tena," alisema. "Pale magoti yalipoanza kucheza. Na usiruke kitu."