Tulivyomfagilia Injinia Njia

Katika miaka ya hamsini, enzi za Mwingereza, nilikuwa karani wa kupiga chapa katika afisi ya barabara mjini Unguja. Mwaka mzima nilimsumbua injinia wetu aje aione njia ya kijijini kwetu, kupita Bwejuu, kabla fedha za barabara za shamba hazijagawiwa. Masika yaliyotangulia dada yangu alishikwa na uchungu, gari la spitali likashindwa kupita. Wakambeba kwa kitanda cha kamba kwenda barabara kuu, mtoto akafa. Sasa alikuwa mjamzito tena.

Injinia alipokubali, nikafanya ujinga. Nilipeleka salamu nyumbani kwamba mgeni anakuja Jumatano. Nilitaka wampikie chai tu, kisha wamwonyeshe mashimo.

Tulipofika nilitamani kulia. Kijiji kizima kilikuwa kimefanya kazi siku tatu. Mashimo yamejazwa mawe na mchanga, vichaka vimefyekwa, njia imefagiwa kama ua siku ya Idi. Landrova ilipita bila hata kutikisika. Ah, watu wetu! Wako radhi wafe kuliko kuaibika mbele ya mgeni. Nikamvuta kando sheha, mkuu wa kijiji chetu, nikamuuliza kwa hasira wamefanya nini.

"Ulitaka mgeni wetu avunjike mgongo?" akanijibu, naye kaudhika. "Watu wangetusema vipi?"

Nikamweleza injinia kwamba kazi ile ni ya juzi, mvua ya kwanza itaikomba yote. Akatabasamu. Alisema watu wenye bidii namna hii wanastahili pongezi, na fedha ziende kwa wenye shida zaidi. Akaandika daftarini kuwa njia ni nzuri. Nilijua kesho yake ripoti hiyo nitaipiga chapa mimi mwenyewe, kwa vidole vyangu.

Tulipokuwa tukiaga, dada akanijia polepole na tumbo lake. Viganja vilikuwa vimechubuka kwa kubeba mawe.

"Kaka, bwana mkubwa kaipenda njia?"

"Kaipenda."

"Alhamdulillahi. Basi mara hii gari litanifikia. Nilikuwa silali kwa hofu."

Nikapanda landrova bila kumwambia kweli. Alisimama katikati ya njia akitupungia mkono, na mimi sikuweza kugeuka kumtazama.