Kipande Kilichopungua

Mtaa mzima ulimwita Bi Tahadhari, na jina hilo hakupewa kwa chuki. Alikuwa mjane mwenye sauti ndogo na macho ya kukagua, na hakuna aliyepita mlangoni kwake bila kuambiwa aangalie ngazi, au afunge kamba ya kiatu, au asimpe mtoto karanga huku anakimbia. Akifunga mlango, anarudi kuusukuma. Akizima jiko, anarudi kulitazama. Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, ambaye aliishi naye katika chumba cha pili, alikuwa akisema kwamba siku Bi Tahadhari akifa, roho itarudi mara mbili kuhakikisha kwamba mwili umekufa kweli.

"Cheka tu," Bi Tahadhari humjibu. "Kwa mwoga huenda kicheko."

Methali hiyo ina nusu ya pili, nayo ni ya kilio. Hakupenda kuimalizia.

Ujana wake wote aliumalizia kwenye nyumba ya wageni, akipiga pasi mashuka. Mpishi wa pale ndiye aliyemfundisha kupika jamu, kwa kumwita jikoni saa za mapumziko na kumwambia koroga, usisimame. Magoti yalipokataa kusimama mbele ya meza ya pasi, akarudi nyumbani na ujuzi huo, akaanza kupika jamu ya mapera na kuiuza kwa majirani. Woga aliochekewa miaka yote sasa ukawa mtaji. Chupa tupu alizokusanya kwa watu alizishika moja moja mbele ya dirisha, akazizungusha kwenye mwanga, akapitisha kidole gumba mdomoni mwa kila chupa. Yenye ufa, hata wa unywele, haikuingia ndani. Zilizobaki alizichemsha kwenye sufuria iliyotandikwa kitambaa chini ili zisigongane. Mapera aliyaponda, akayapitisha kwenye chujio mpaka mbegu zote zibaki juu, ndipo akaweka sukari na maji ya limau. Aliyajua mapovu ya mwanzo, ambayo ni makelele matupu, na mapovu mazito ya mwisho yanayopasuka polepole kama mtu anayekoroma. Hapo hudondosha tone kwenye kisosi baridi, akalisukuma kwa kidole. Likikunja uso, jamu imeshika.

"Cha moto kwa cha moto," alimfundisha wifi yake. "Chupa ni kama mtu. Ukiishtua inapasuka."

Wifi alilijua hilo. Lakini siku ile walikuwa na haraka, maana mwalimu wa chekechea ya mwisho wa mtaa alitaka chupa mbili kubwa kwa ajili ya sherehe ya kufunga shule kesho yake asubuhi, watoto wapakiwe mkate mbele ya wazazi. Chupa ya tatu ilikuwa ya mjukuu. Mtoto wa kiume wa Bi Tahadhari alikuwa kazini mbali, na mke wake aliishi na mwanawe mdogo kwenye maghorofa, ng'ambo ya soko. Wifi akatoa chupa moja kwenye maji yanayochemka, akaiweka kwenye karo ambalo bado lilikuwa limelowa maji ya bomba. Bi Tahadhari alikuwa ameshainua upawa. Jamu ilipogusa ndani, chupa ikalia mara moja, kavu, na kupasuka.

Waliruka nyuma wote wawili. Walitazama miguu yao, wakatazama sakafu, wakainama na ufagio na kitambaa. Jamu ya moto ilikuwa imesambaa mpaka chini ya kabati. Waliokota, wakafuta, wakafunga vigae kwenye gazeti na kuvitupa kwenye pipa. Sufuria ilikuwa pale pale pembeni, mdomo wazi, na hakuna aliyeitazama. Kisha wakajaza chupa tatu, makombo wakayaweka bakulini, na jioni wifi akazipeleka, mbili kwa mwalimu na moja kwa mkwe.

Asubuhi wifi alikwenda sokoni mapema. Bi Tahadhari alikaa na chai yake na kipande cha mkate, akapaka yale makombo. Alipotafuna, kitu kikakwaruza kwenye jino. Alidhani ni mbegu ya pera iliyopenya kwenye chujio, akaudhika kidogo na kazi yake. Akaitemea kiganjani.

Mbegu ya pera haipitishi mwanga. Hii ilipitisha. Akapitisha ulimi kwenye mdomo wa chini, akaonja chumvi, na alipogusa kwa kidole, kidole kikarudi na damu.

Kwa muda alikaa tu akikitazama kile kigae, kidogo kama punje ya mchele, akijiambia kwamba ni hicho kimoja, na hicho kimoja kimempata mwenyewe, basi. Lakini hakuwa mtu wa kusema basi. Alitoka mpaka kwenye pipa, akalitoa lile gazeti, akavipanga vigae kwenye sinia, kimoja kando ya mwenzake. Chupa ikarudi kuwa chupa kidogo kidogo, kuanzia kitako hadi kwenye bega. Pale begani pakabaki tundu. Kile cha mdomoni mwake kiliziba pembe tu. Kilichopungua kilikuwa na ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho, na kilikuwa na ncha.

Alipiga magoti akapapasa sakafu yote kwa viganja, chini ya kabati, nyuma ya jiko, bila kujali kukatwa. Angefurahi kukatwa. Hakukatwa. Akampigia mkwe wake, simu haikupatikana. Akampigia wifi, na simu ya wifi ikalia juu ya rafu, chumba cha pili.

Akalifunga lile bega la chupa kwenye kitambaa, akatoka nje. Chekechea ilikuwa mkono wa kulia, na kutoka pale mlangoni alisikia watoto wakiimba. Maghorofa yalikuwa mkono wa kushoto, baada ya soko lote. Kulia kulikuwa na watoto wa watu, asiowajua hata idadi. Kushoto kulikuwa na mmoja, mwenye masikio ya marehemu mumewe. Hata baadaye hakuweza kusema kama aliamua, au miguu ilifuata tu mlango wa karibu. Alikwenda kulia, na kwa mara ya kwanza maishani mwake aliacha nyumba wazi.

Wazazi walikuwa wamekaa kwenye viti vidogo vya watoto, magoti yakiwafika kifuani. Meza ilitandikwa kitambaa, mkate umeshapakwa, na mwalimu alikuwa akigawa. Watoto wa mstari wa mbele walikuwa na midomo myekundu. Bi Tahadhari alisema wasile. Sauti yake haikufika popote. Akasema tena. Mzazi mmoja akamsogezea kiti. Basi akapita katikati ya watoto, akamnyang'anya mkate msichana mdogo aliyekuwa ameshafungua kinywa, na kilio cha yule mtoto ndicho kilichonyamazisha chumba.

"Msile," alisema. "Kuna kigae cha chupa ndani ya hiyo jamu."

Mwalimu alimwangalia kama mtu aliyesikia vibaya. "Kigae cha chupa kimefikaje humo, Bibi?"

"Kiliingia kwenye sufuria yangu. Mimi ndiye niliyeipika. Waambieni wateme."

Alikuwa ameogopa midomo ya watu tangu utotoni, na sasa alikuwa amesimama katikati ya midomo hiyo. Wazazi waliinuka, viti vikaanguka. Mama mmoja, ambaye alikuwa muuguzi, akawapanga waliokwisha kula, akawafungulisha vinywa mmoja mmoja na kuwamulika kwa tochi ya simu. Hakuona mkato. Akasema wasichezeshwe, waangaliwe, na mwenye kulia tumbo apelekwe hospitali mara moja. Mwalimu na Bi Tahadhari walifungua kila kipande cha mkate, wakakikwangua kwa kijiko. Walimwaga jamu iliyobaki kwenye sinia na kuitandaza mpaka chini kukaonekana. Hakuna kitu.

Na chupa ya kwanza ilikuwa imekaribia kuisha. Ama kigae kilikuwa kimeshamezwa na mmoja wa watoto wale waliosimama wakimtazama, ama kilikuwa kwenye chupa ya tatu. Alitaka kuomba, lakini hakujua aombe nini. Ombi lolote lilikuwa na mtoto ndani yake.

Alipogeuka kutoka, baba mmoja, fundi umeme aliyekuja na kofia yake ya pikipiki, alisimama mlangoni.

"Hutoki hapa mama mpaka tujue mwisho wake."

"Kuna chupa ya tatu," alisema Bi Tahadhari. "Iko kwa mjukuu wangu."

Fundi alimtazama. Mwanawe mwenyewe alikuwa miongoni mwa wenye midomo myekundu, na alikuwa na kila sababu ya kubaki. Akamkabidhi mtoto kwa muuguzi, akamvalisha Bi Tahadhari ile kofia. Bi Tahadhari hakuwahi kupanda pikipiki, na alikuwa ameshawaonya nusu ya vijana wa mtaa kuhusu pikipiki. Alipanda. Alishika shati la mtu asiyemjua, akafumba macho, na kila walipopunguza mwendo alihisi wamechelewa.

Ngazi za ghorofa alizipanda kwa mikono na miguu. Mkwe alifungua mlango akiwa na mapovu ya sabuni mikononi, akitabasamu, akaanza kusema kwamba simu iliisha chaji, karibu mama, na aje amwone huyu mtu wake, tangu asubuhi hataki chai wala uji, jamu tu. Mtoto alikuwa amekaa chini ya meza, chupa katikati ya miguu, akichimba kwa kijiko.

Bi Tahadhari hakujibu salamu. Aliingia chini ya meza, akampokonya chupa, akamtia kidole kinywani. Mtoto akamng'ata kwa nguvu zake zote. Hakukitoa kidole mpaka alipozunguka fizi zote, huku mtoto akipaliwa na kilio na mkwe akimvuta bega.

"Mama, unamfanya nini mtoto? Mama!"

"Chujio," alisema. "Niletee chujio na maji ya moto."

Walimimina jamu yote juu ya chujio, wakaizimua kwa maji. Ilishuka nyekundu, kisha ya waridi, kisha maji matupu. Kigae kikabaki kimeegemea waya, kisafi kabisa. Bi Tahadhari alifungua fundo la kitambaa alimofunga bega la ile chupa, akakiweka mahali pake. Kikakaa. Kilikuwa kimetoka na donge la ubavuni mwa shimo alilochimba mtoto. Vijiko viwili zaidi, pengine kimoja, angekifikia.

Fundi umeme, aliyekuwa amesimama mlangoni, alipiga simu chekechea. "Kimepatikana," alisema, halafu akageukia ukuta kwa muda. Aliondoka bila kuaga, na kofia akaisahau.

Mkwe alikuwa amemkumbatia mtoto mpaka mtoto akalalamika. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya chini.

"Huyu bwana umetoka naye wapi, mama?"

"Chekechea."

"Kwa hiyo ulianza na wa watu."

"Simu yako haikupatikana, mwanangu."

"Sikuulizi simu."

Majibu alikuwa nayo. Watoto kule walikuwa wengi, na mlango wao ulikuwa karibu, na mkate ulikuwa mikononi mwao. Yote yalikuwa kweli. Lakini mbele ya yule mtoto mwenye jamu kidevuni aliona hayana miguu ya kusimamia, akaenda kuosha chujio.

Mkwe alimpeleka mtoto hospitali. Bi Tahadhari alifuata nyuma amebeba mkoba, hakuna aliyemwambia aje wala abaki. Daktari hakuona kitu, akasema waendelee kumwangalia. Siku zilizofuata alikuwa akipiga simu kila asubuhi, mkwe anajibu "mzima" na kukata. Watoto wa chekechea nao walikuwa wazima. Mwalimu alikuja kumshukuru kwa kusema mapema, wala hakuagiza tena. Kuna mama mmoja ambaye akimwona huvuka barabara mpaka leo.

Wifi aliposimuliwa hakutoa mzaha hata mmoja. "Mimi ndiye niliyeiweka kwenye karo," alisema.

"Na sufuria niliiacha wazi mimi," alisema Bi Tahadhari, na hawakulirudia.

Sufuria ilikaa imefudikizwa msimu mzima. Mapera yalipokuja tena, wifi alirudi sokoni na kikapu, akakiweka mezani, akaanza kuyaosha. Basi akapika. Siku hizi sufuria haikosi kifuniko, na kila mpiko anauonja yeye kwanza, kijiko kizima, kisha anakaa dirishani mpaka jioni akilisikiliza tumbo lake. Wifi amerudia kumcheka, lakini humngoja.

Mkwe alikuja siku moja na mtoto, kwa matembezi, na chupa ilikuwa mezani. Mtoto akainyooshea kidole. Bi Tahadhari aliharakisha kuiondoa, lakini mkwe akamshika mkono, akachukua kijiko. Aliweka jamu kinywani na kuizungusha polepole kwa ulimi, kama mtu anayetafuta mwiba kwenye samaki, huku macho yake yakiwa kwa mama mkwe. Alimeza. Akachota kidogo tena, akampa mtoto.

Bi Tahadhari alishika ukingo wa meza na hakuuachia mpaka mtoto alipomaliza.