Ndani ya Maji Alitembea

Kitenge cha mama, ambacho sasa mdogo wangu anabebea mwanawe, kikilowa hutoa harufu ya ziwa. Nikiinusa narudi ufukweni Bangwe, nimemshika mama kiunoni.

Kiharusi kilikuwa kimechukua mkono na mguu wake wa kulia. Niliacha shule ili nimzoeshe kutembea, lakini nyumbani mguu ule uliburutika tu. Siku ile nilimwingiza ziwani hadi kifuani, na mguu ukanyanyuka. Akapiga hatua, akapiga nyingine, nikamwachia.

Mwanamke aliyekuwa akisugua sufuria akapaza sauti, "Huyo kapona! Mtafutieni mume!"

Mama akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Wadogo zangu wakapiga makofi ufukweni.

Nikamgeuza tutoke. Kadiri maji yalivyopungua ndivyo alivyozidi kunielemea. Yalipofika magotini mguu ukalala, tukaanguka wote.

"Jaribu tena, mama."

"Niache humu humu, mwanangu. Huko nje sina mguu."

Makofi yalikuwa yamenyamaza. Nikamshika kwapani, nikamburuta kuelekea mchangani, naye akilia, akiyang'ang'ania maji kwa ule mkono uliobaki mzima.