Nani Anapika Kwenu?

Mdogo wangu aliposimamishwa shule kwa utoro, mwalimu wa malezi alimwambia asirudi bila mzazi. Baba alikuwa ametangulia mbele ya haki, mama akamfuata. Mimi, mtoto wa kwanza kati ya watano, nilikuwa nimeacha shule kidato cha pili ili tulime shamba letu la Sigino. Na utoro ule ulikuwa kosa langu: nilimtoa darasani wiki nzima tuvune maharage kabla mvua haijayaozesha.

Nikajifunga kitenge cha mama, nikaenda naye. Wazazi walikuwa kwenye benchi, mlangoni mwa ofisi. Zamu yangu ilipofika, mwalimu aliyatazama mabuti yangu yenye udongo.

"Binti, nilisema mzazi."

"Shikamoo, mwalimu. Ndiye mimi."

"Una miaka mingapi?"

Kabla sijajibu, mama mmoja jirani yetu akadakia kutoka kwenye benchi: "Mwalimu, huyo ana watoto wanne. Wewe unao wangapi?"

Benchi zima likacheka. Mwalimu naye akacheka, nami nikapata pumzi. Nikamweleza habari za maharage. Akasogeza daftari la wazazi, nikatia sahihi, mdogo wangu akarudishwa darasani. Nikainuka.

"Kaa kwanza," alisema. "Wewe uliishia wapi?"

Tangu mazishi, watu walikuwa wameniuliza habari za chakula, shamba na wadogo zangu. Hilo hawakuuliza. Nililia pale pale, mbele ya wazazi wenzangu.

Akatoa kabatini madaftari ya wanafunzi waliomaliza. Sharti lake lilikuwa moja: kila nikija kuulizia maendeleo ya mdogo wangu, nije na mazoezi yangu. Nadhani Babati nzima hapakuwa na mzazi aliyefika shuleni kama mimi. Nilisoma jikoni, makande yakaungua mara nyingi. "Dada, leo tunakula historia," wadogo zangu walisema, na wakala.

Nilifanya mtihani wa maarifa, ule wa kuwapima walioacha shule njiani, kisha wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Hisabati iliniangusha mara moja, nikarudia. Nilipokwenda chuo cha ualimu, yule mdogo wangu mtoro ndiye aliyebaki na jembe, na hajawahi kunisimanga.

Sasa mwalimu wa malezi wa kidato cha tatu na cha nne ni mimi. Yule mwalimu amestaafu, tukikutana sokoni bado ananiuliza, "Mazoezi yako wapi?" Namwamkia huku nikicheka.

Mwanafunzi akikosa, simwambii alete mzazi. Namuuliza, "Nani anapika kwenu?" Muhula uliopita msichana mmoja wa kidato cha nne alijibu, "Dada." Dada akaja kutoka Bagara, unga mikononi. Tukayamaliza ya mdogo wake, akatia sahihi, akainuka.

"Kaa kwanza," nikamwambia. "Wewe uliishia wapi?"

"Mwalimu, mimi nimekuja kwa ajili ya mdogo wangu."

"Najua. Kaa."

Akakaa.