Kuvu ya Mihina ya Habuba Jamilah

Zuhurah binti Abdunoor, mjukuu wa Dumo. Dumo ndiye aliyechimba kisima cha mtaa wetu hapa Koboko, akakiacha wazi kwa Mwislamu na Mkristo. Abdunoor aliendesha malori ya kwenda Vurra mpakani, na mzigo wa mtu haukupotea mkononi mwake. Zuhurah ni wa kwanza katika ukoo kushika hadubini. Anafanya kazi Arua, kwenye maabara ya magonjwa ya mimea. Ni mtoto wa dada yangu. Mimi niliishia darasa la sita, lakini kichwa changu hakisahau, na haya niliyaona.

Kwetu Wanubi wa mtaa huu, hina ya bibi harusi haikutoka dukani. Ilichumwa kwa Habuba Jamilah, bibi wa sisi sote, kwenye mihina iliyopandwa na marehemu mama yake. Harusi bila Habuba haikuwa harusi. Mwaka juzi matawi yakaanza kukauka na kutoka vidoti vyeusi kama pilipili manga iliyosagwa. Maneno yakaanza: "Hiyo hina iko na ugonjwa."

Basi Zuhurah alipokuja kwenye harusi ya Ruqaiya, binti wa shangazi yake, wanawake walimletea tawi palepale mkekani. Alilitazama kwa kioo kidogo cha kukuzia, akalikwaruza kwa ukucha. Angeweza kusema, "Ngojeni nilipime Arua." Lakini watu wote walikuwa wakimwangalia yeye, na mama yake alikwisha kupiga kigelegele kabla mtoto hajafungua mdomo.

"Hii ni kuvu, na ndiyo inaua," akasema. "Ng'oeni yote, mchome, isifike kwa majirani."

Jioni ile moshi ulitoka kwa Habuba. Yeye alikaa mlangoni, hakulia. Ruqaiya akapakwa hina ya pakiti. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita Habuba kwenye harusi yoyote.

Tawi lile lilikwenda Arua ndani ya mkoba wake. Zuhurah alikata kipande chembamba kama ngozi ya kitunguu, akatia tone la maji, akachungulia. Mbegu za ile kuvu zilikuwa za kahawia, kila moja na ukuta katikati, kama karanga ya punje mbili. Akalinganisha na picha za vitabu, akamtumia picha mwalimu wake wa chuo. Jibu likawa moja: kuvu hiyo hula mti uliokwisha kufa, haigusi ulio hai. Na chini ya vidoti aliona ganda limechunwa. Msimu ule harusi zilifuatana, na wasichana walikuwa wakivuta tawi zima kwa kiganja, majani na ganda vikatoka pamoja, tawi likakauka.

"Mama mdogo," aliniambia kwenye simu, sauti imeshuka, "kuvu ilikuja matangani tu. Mimi nikaiita muuaji."

Kisha akaacha kuja Koboko. Kazi nyingi, kazi nyingi. Nikapanda gari mpaka kwake Ediofe, huko Arua. "Ulisema mbele ya watu," nikamwambia. "Huwezi kufuta ukiwa umejificha."

Akaja na vipandikizi vya mhina ndani ya gunia bichi. Tukawaita wanawake walewale uani kwa Habuba.

"Nilikosea," akasema, macho chini. "Mihina haikuwa na ugonjwa, ilikauka kwa kuchunwa ganda. Sikujua, na niliona haya kusema sijui."

"Bi Hadubini!" mmoja akacheka. "Umekuja kupima majivu?"

Wengine wakacheka naye. Uso wangu uliwaka, maana huyu ndiye niliyekuwa nikijisifu naye sokoni.

Habuba akauliza polepole, "Na jina langu, hiyo mashine yako itarudisha?"

"Hapana, Habuba."

Zuhurah akapiga magoti achimbe. Habuba akaweka fimbo juu ya udongo.

"Mkono wako, hapana. Ruqaiya apande. Yeye ndiye alinyimwa hina yangu."

Zuhurah akainuka, magoti yamejaa majivu, akamkabidhi Ruqaiya gunia.

"Panda wewe, dada. Mwagilia kila asubuhi. Na wachumaji wakija, simama nao: jani mojamoja, kwa vidole. Wakiuliza nani amesema, waambie ni Habuba."