Gasketi ya Bwana Miwani

Msinisifie mafundi mbele yangu. Kaka yangu Hatibu alikuwa fundi, tena fundi hasa, na ufundi wake ndio ulionitia kilio nilicho nacho mpaka leo.

Alishona viatu hapa hapa Bigwa. Makubazi, ala za visu, mikanda ya askari wa Mjerumani, vyote vilipita mikononi mwake. Alikata ngozi mduara bila kuchora, ukiupima unaukuta sawasawa. Lakini alipenda sifa, wallahi, kuliko alivyopenda ugali. Mwambie tu, "Hatibu, hii huiwezi," basi hali, halali, mpaka aiweze.

Mimi Mwanaheri ni mdogo wake. Mume wangu alifariki mapema, akaniachia mtoto mmoja, Yunusi. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye kauli juu yake ni mjomba. Mjomba akisema aoe, anaoa. Akisema ahame, anahama. Mama unasikiliza. Mambo hayo niliyakuta, wala sikuyaona mabaya mpaka mwaka ule.

Ulikuwa mwaka wa vita. Waingereza walikuwa wanakuja kutoka kaskazini, na Wajerumani wakawa wanakamata wanaume wa kubeba mizigo ya jeshi. Askari walipita nyumba kwa nyumba. Wengi waliochukuliwa hatukuwaona tena. Aliyesalimika ni mwenye kipande, ile kadi ngumu yenye jina lake na muhuri wa bwana anayemfanyia kazi. Yunusi wangu alikuwa nacho. Alichimba ulanga, yale mawe mang'avu yanayobanduka kama karatasi, mlimani kwa Mjerumani mmoja tuliyemwita Bwana Miwani.

Huyo Bwana Miwani alikuwa na motokaa. Vita vikamkuta kabureta yake inavuja, kwa sababu ile karatasi nene inayokaa chini ya mfuniko, ambayo mafundi wa siku hizi wanaiita gasketi, ilikuwa imeoza. Vipuri vilitoka Ulaya, na meli haziji. Naye alitaka kukimbilia kusini kabla Waingereza hawajafika. Akamwita kaka yangu mbele ya watu.

"Nasikia wewe fundi," akamwambia. "Hii utaiweza?"

Loh! Angemtukana ingekuwa afadhali.

Hatibu akahangaika siku tatu. Alikata ngozi ya mbuzi, ikalowa petroli ikavimba. Akajaribu ya ng'ombe, ikawa nene, mfuniko haukukaa. Akachukua bamba la ulanga, petroli haikuudhuru, ila alipokaza skurubu ukapasuka vipande vipande. Wenzake sokoni wakamcheka, "Hatibu, motokaa imekushinda, rudi kwenye makubazi yako!" Siku ya tatu akaja kwangu, uso umemwiva kwa hasira. Yunusi alikuwa amelala mkekani na homa.

"Mwanaheri, nipe kipande cha Yunusi."

"Cha nini, kaka?"

"Unene wake ndio ule ule wa ile iliyooza. Nikikiloweka kwenye mafuta ya nyonyo, petroli haitakipenya."

"Na askari wakija?"

"Mwenye muhuri si Bwana Miwani mwenyewe? Ataandika kingine kesho. Au mtoto huyu siku hizi mwenye kauli juu yake ni wewe?"

Yunusi akainua kichwa, midomo imemkauka.

"Mpe tu, mama. Mjomba hawezi kunitupa."

Nikafungua mkebe nilimokihifadhi, nikampa. Kwa mkono wangu huu.

Asubuhi yake gasketi ikawa tayari, na tundu moja la skurubu lilipita katikati ya jina la mwanangu. Hatibu akaifunga, akakaza. Haikuvuja. Motokaa ikaunguruma, watu wakashangilia, Bwana Miwani akampa mkono na kumwita fundi mkuu. Na yule kaka yangu, na akili zake zote, akasimama pale anachekelea! Habari ya kipande hakuwa ameisema hata kidogo. Aliniambia baadaye kwamba aliona haya kuomba kitu wakati anasifiwa, alingoja kwanza watu watulie. Watu hawajatulia, Bwana Miwani amekwisha panda na masanduku yake, amekwenda zake.

Mchana askari wakafika kwangu.

"Kipande kiko wapi?"

"Kimo ndani ya motokaa," nikasema.

Wakacheka, mmoja akashika mbavu. Nikawaapia, nikawalilia, nikawaambia mtoto mgonjwa. Wakamwinua na homa yake, wakamtwika mzigo kichwani hapo hapo uwanjani. Aligeuka mara moja tu kunitazama.

Vita vikaisha. Wachache wakarudi, wamebaki mifupa. Nikamwuliza kila mmoja. Hakuna aliyejua Yunusi alianguka njia gani, wala nani alimfukia, kama alifukiwa.

Kisha zikaja habari kwamba motokaa ya Bwana Miwani ilionekana nyuma ya milima, njia ya Kisaki, imetelekezwa porini baada ya kuishiwa petroli. Hatibu akafunga safari kwa miguu. Hakuniaga. Mimi nikasema moyoni, kumbe kaka yangu ana utu, amekwenda kumtafuta mtoto wetu. Nikamwombea dua kila siku.

Akarudi siku ya tisa, amekonda, miguu imepasuka. Nikampa maji. Akakaa mkekani, akafungua fundo la nguo, akatoa gasketi. Ilikuwa imegeuka manjano kwa mafuta ya nyonyo, na herufi mbili za mwanzo za jina la mwanangu zilisomeka bado, halafu tundu.

Machozi yalimtoka, siwezi kumsingizia. Lakini alichosema ni hiki:

"Mwanaheri, haikuvuja hata tone."

Nikamwambia atoke nyumbani kwangu. Akatoka, na mpaka anakufa sikumkaribisha tena. Gasketi aliiacha pale mkekani. Nikaiokota, nikairudisha kwenye mkebe ule ule nilimokitoa kile kipande.